Mkubwa Haambiwi Yote: Mafunzo ya Uamuzi Kutoka Tabora

Januari 1958 wajumbe wa TANU, chama kilichodai uhuru wa Tanganyika, walikusanyika Tabora kwa mkutano mkuu wa mwaka, na wengi wao walikuwa na hasira. Serikali ya kikoloni ilikuwa imetangaza uchaguzi wa Baraza la Kutunga Sheria kwa utaratibu wa kura tatu: kila mpiga kura alitakiwa kuchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, wote kwa mpigo. Haki yenyewe ya kupiga kura ilizungushiwa masharti ya kipato, elimu au cheo. Katika nchi ambayo Waafrika walikuwa zaidi ya asilimia 98 ya watu wote, mpango huo ulikuwa tusi la wazi. Wajumbe wengi walifika wakiwa tayari kuususia.

Walipoondoka, chama kilikuwa kimekubali kuingia uchaguzini. Historia ya Tanzania imeupa uamuzi huo jina la Uamuzi wa Busara, na jina hilo linaweza kumfanya msomaji wa leo adhani kwamba busara ilishuka ghafla ukumbini. Sivyo. Ilitayarishwa, ikapingwa, ikagharimu watu, na ilikuwa na mwenyewe aliyejua kwamba angeweza kushindwa.

Habari hiyo inamhusu kila aliyekabidhiwa kiti kikubwa: mkurugenzi wa halmashauri, mkuu wa chuo, mwenyekiti wa chama cha ushirika, mganga mkuu wa hospitali, meneja wa benki. Anapopanda ngazi, mtu hupata mamlaka zaidi na habari pungufu. Afisa wa chini huona tatizo likiwa na miiba yake yote. Taarifa inapopita meza ya kwanza mwiba mmoja huondolewa, meza ya pili mwingine, na ikifika juu ni laini na imeandikwa "utekelezaji unaendelea vizuri". Walio karibu na mkubwa husoma uso wake kabla ya kusema, na wengi wao si wanafiki, wana watoto wanaosoma na mikopo ya kulipa. Kwa hiyo kiongozi wa juu hukua kwa kiasi anachojijengea njia za kufikiwa na ukweli ambao hakuna aliyelazimika kumpelekea. Barabara ya zamani ya misafara, kutoka Bagamoyo kupitia Ugogo hadi Tabora na kwenda Ujiji, imeacha mifano ya waliojijengea njia hizo na ya wasiojijengea.

Kabla ya kikao

Julius Nyerere, kiongozi wa TANU, aliijua Tabora. Alisoma katika shule ya serikali ya mji huo kuanzia 1937, kisha baada ya chuo cha Makerere akarudi kufundisha Shule ya Mtakatifu Maria. Lakini kuujua mji hakukutosha kumpa kura za wajumbe. Mwanahistoria Mohamed Said ameandika kwamba kabla ya mkutano Nyerere alipitia Tanga, akakutana faraghani na viongozi wa chama wa huko, akina Mwalimu Kihere, akawafungulia moyo kuhusu hatari ya kususia na kuwaomba wamuunge mkono. Hakusubiri kuwashtukiza ukumbini.

Hapo pana jambo la kufanya leo. Kabla ya kikao cha uamuzi mzito, kiongozi aandike majina ya watu watatu: anayetarajiwa kupinga zaidi, atakayebeba mzigo wa utekelezaji, na anayeheshimiwa na wengine hata kama hana cheo kikubwa. Awafuate, na awafuate kwao. Mtu aliyeitwa ofisini kwa bosi hukaa kwenye ncha ya kiti na kuitikia "ndiyo mzee". Mtu huyohuyo akifuatwa stoo, wodini au shambani husema mengine kabisa. Na swali liwe "Ukiwa mimi, ungeogopa nini?" kwa sababu swali la "Unaonaje mpango huu?" huzaa sifa.

Nyerere pia alikuwa ameshatenganisha vitu viwili ambavyo wajumbe wengi walivichanganya: lengo na njia. Lengo lilikuwa uhuru, na hapo hakuwa tayari kupunguza. Mwezi mmoja tu kabla, Desemba 1957, alijiuzulu ujumbe wa Baraza la Kutunga Sheria kwa kuona serikali haitaki kusogea, hivyo hakuna aliyeweza kumwita kibaraka. Kura tatu ilikuwa njia. Anakumbukwa kwa kuwauliza wajumbe habari ya mtu ambaye shamba lake liko ng'ambo ya tope: atapita atope miguu avune, au ataacha mazao yaoze ili abaki msafi?

Tena alikuwa amesoma kanuni za uchaguzi kwa makini kuliko waliozichukia. Ikiwa kila mpiga kura lazima achague watu wa makundi yote matatu, basi Mwasia na Mzungu anayetaka ubunge atazihitaji kura za Waafrika, na kura hizo zitafuata neno la TANU. Mtego ungeweza kumnasa aliyeutega. Chama kikisusia, viti vingekwenda kwa United Tanganyika Party (UTP), chama kilichoanzishwa 1956 kwa baraka za Gavana Edward Twining.

Uchaguzi ulifanyika kwa awamu mbili, Septemba 1958 na Februari 1959, na wagombea waliokubaliwa na TANU walishinda, wakiwamo Mzungu Derek Bryceson na Mwasia Sophia Mustafa. UTP ilikufa. Oktoba 1958 gavana mpya, Richard Turnbull, alikiri hadharani kwamba Waafrika watakuwa wengi katika vyombo vya nchi. Agosti 1960 TANU ilichukua viti 70 kati ya 71, na tarehe 9 Desemba 1961 Tanganyika ikawa huru.

Hata hivyo kulikuwa na gharama. Zuberi Mtemvu alikataa uamuzi wa Tabora, akatoka na kuanzisha chama chake, African National Congress. Kiongozi anayetaka uamuzi mkubwa usiomuudhi yeyote atasubiri mpaka kiti chake kichukuliwe na mwingine. La busara ni kujua mapema nani ataondoka, kumsikiliza mpaka mwisho, kisha kutomfanya adui kwa sababu tu alikuwa na hoja tofauti.

Miezi michache baadaye msimamo wa Nyerere ulipimwa tena. Agosti 1958 alitiwa hatiani kwa kashfa, kutokana na makala aliyoandika katika Sauti ya TANU kuhusu maofisa wawili wa serikali. Adhabu ilikuwa faini au kifungo cha miezi sita. Jela ingempa sifa ya ushujaa, na wafuasi wengi wangefurahi kumwona shujaa. Alilipa faini, akarudi kwenye kampeni zilizokuwa zimebakiza wiki chache. Kiongozi anapokaribia kuchagua lenye makofi mengi, ajiulize kama makofi hayo yanasogeza kazi au yanamsogeza yeye.

Kiti cha Mirambo

Tabora hiyohiyo iliwahi kuwa na baraza la aina nyingine. Mwaka 1871 Mirambo, mtemi wa Uyowa ambaye jina lake limebaki katika mji wa Urambo, alifunga njia ya Ujiji. Wafanyabiashara Waarabu wa Unyanyembe, eneo la Tabora, waliozoea kupitisha pembe za ndovu bila kizuizi, walikaa baraza. Mwandishi wa habari Henry Morton Stanley, aliyekuwa akipita kumtafuta mpelelezi David Livingstone, alikuwapo, naye ameeleza kilichotokea. Khamis bin Abdullah alisema kwa ari, wengine wakaitikia, na vita ikaonekana kuwa kazi ya siku chache.

Walianza kwa ushindi. Ngome ya Zimbizo ilianguka. Soud bin Said akaongoza kikosi hadi Wilyankuru, akaiteka na kuanza safari ya kurudi na watu wake wakiwa wameelemewa na mateka na pembe. Mirambo alikuwa ameondoka kijijini kabla hakijatekwa, na sasa alikuwa amelala kwenye nyasi kando ya njia. Soud aliuawa pamoja na wengi wa kikosi chake. Waliobaki Zimbizo walipopata habari walikimbia ovyo. Tarehe 22 Agosti 1871 Mirambo aliingia Tabora yenyewe, sehemu ya mji ikachomwa, na Khamis bin Abdullah akafa akipigana. Njia ya biashara iliendelea kuvurugika kwa miaka.

Barazani palikuwa na watu wenye uzoefu wa miongo, mali na bunduki. Kilichokosekana ni mtu mmoja wa kuuliza: tukiwa Mirambo, tungefanya nini siku tatu baada ya kupoteza kijiji? Hakuna aliyepewa kazi ya kuuliza, na katika baraza lenye mori anayeuliza bila kutumwa huonekana mwoga.

Dawa yake ni rahisi na haihitaji bajeti. Katika kila kikao kizito, mjumbe mmoja akabidhiwe kiti cha Mirambo. Kazi yake siku hiyo ni kusema kwa niaba ya yule atakayeumizwa na uamuzi: mshindani sokoni, wafanyakazi watakaopunguzwa, wananchi watakaohamishwa kupisha barabara. Aseme watafanya nini na lini. Kiti hicho kizunguke, leo huyu kesho yule, ili pasiwe na mtu anayejulikana kama mpinzani wa kudumu. Mwenyekiti atoe maoni yake mwisho. Bosi akishasema mwanzoni "mimi naona tuendelee", kikao kimekwisha, kilichobaki ni chai.

Na kiti cha Mirambo kiulize pia habari za siku ya ushindi. Soud hakuuawa wakati wa kushambulia, aliuawa akirudi na mzigo. Miradi mingi huanguka palepale: jengo la zahanati limezinduliwa, wageni wameondoka, na hakuna aliyepanga nani atalipia umeme na dawa.

Karanga za Urambo

Miaka 75 hivi baada ya vita ya Mirambo, ardhi ya Urambo ilipokea uamuzi kutoka mbali zaidi. Baada ya Vita Kuu ya Pili Uingereza ilikuwa na upungufu wa mafuta ya kula. Mwaka 1946 Frank Samuel wa United Africa Company alipendekeza kilimo kikubwa cha karanga Afrika Mashariki, na ujumbe ulioongozwa na John Wakefield, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo Tanganyika, ukazunguka kwa wiki chache na kukubali. Mpango ulilenga zaidi ya ekari milioni 3, na kazi ikaanza Kongwa, Urambo na Nachingwea.

Wakefield hakuwa mjinga wala mgeni wa nchi. Tatizo lilikuwa mwendo. Shamba la majaribio la misimu kadhaa, ambalo lingeonyesha mvua za Kongwa zilivyo haba na udongo wake unavyokauka ukawa mgumu kama saruji, halikulimwa. Matrekta chakavu yaliletwa kutoka mabaki ya vita, mizizi ikayavunja. Wagogo waliokuwa wakiishi na ukame huo vizazi kwa vizazi hawakuulizwa swali la maana. Huko London, Waziri wa Chakula John Strachey aliendelea kuutetea mpango bungeni hata pale habari za porini zilipokuwa mbaya. Januari 1951 ulifutwa, na hasara iliyoandikwa ilikuwa zaidi ya pauni milioni 36.

Kilichofuata Urambo hakisimuliwi sana, na kina faida kubwa kwa msomaji. Shirika la Kilimo la Tanganyika lilirithi mashamba, likajaribu kwa kiwango kidogo wakulima wakiwa kwenye viwanja vyao, na tumbaku ikaonekana kuikubali ardhi ile. Mpaka leo Urambo na Kaliua ni kati ya wilaya zinazojulikana nchini kwa tumbaku. Ardhi ilikuwa ileile. Kilichobadilika ni ukubwa wa hatua ya kwanza na mtu aliyekuwa akiulizwa.

Mwenyekiti wa AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) ya tumbaku anayefikiria wanachama wahamie alizeti anaweza kufuata njia hiyo bila kusoma kitabu chochote cha menejimenti. Achague wanachama wachache kutoka vijiji tofauti, walime ekari moja kila mmoja kwa msimu mzima, na kabla mbegu haijaingia ardhini kamati iandike masharti ya kuacha: mavuno yakiwa chini ya magunia kadhaa, au bei ikishuka chini ya kiasi fulani, mpango unasimama. Masharti yaandikwe mapema kwa sababu maalum. Baada ya fedha kutumika na hotuba kutolewa, kila kiongozi hupata sababu ya kusubiri mwaka mmoja zaidi. Strachey alisubiri hivyo.

Walioshika neno lao Kwihara

Mfano wa nne ni wa watu ambao hawakuwa na cheo chochote mpaka siku walipolazimika kuwa nacho. David Livingstone alipofariki kijijini kwa Chitambo, katika nchi ambayo sasa ni Zambia, mwezi Mei 1873, msafara wake ulibaki bila kiongozi katikati ya bara. Watu wake walikaa kikao. Walikubaliana kwamba Abdullah Susi na James Chuma waongoze, na wote wawajibike pamoja. Jambo la kwanza walilofanya lilikuwa kufungua masanduku ya marehemu mbele ya wote, Jacob Wainwright akiandika kila kilichomo, ili kusije kutokea shutuma ya wizi. Kisha wakaamua kuupeleka mwili hadi pwani. Waliukausha kwa chumvi na jua, wakaufunga, wakaanza safari ya miezi tisa.

Oktoba 1873, Kwihara karibu na Tabora, walikutana na Luteni Verney Lovett Cameron, ofisa wa jeshi la maji la Uingereza aliyekuja kumsaidia Livingstone. Cameron aliwashauri wauzike mwili hapohapo, kwani njia ya mbele ilikuwa ya hatari na wenyeji wangeweza kukataa maiti kupitishwa. Ulikuwa ushauri wa mtu mwenye cheo, na wenye hoja. Susi na Chuma walimsikiliza, wakakataa.

Lakini hoja ya Cameron hawakuitupa. Huko Kasekera wenyeji walipopinga kweli maiti kupita, walifunga mzigo wa bandia, wakautuma kurudi Unyanyembe kana kwamba wanakwenda kuzika, na mwili halisi wakaufunga upya uonekane robota la kawaida la bidhaa. Februari 1874 walifika Bagamoyo. Tarehe 18 Aprili Livingstone alizikwa Westminster Abbey, London.

Kiongozi atakutana na Cameron wake: mshauri kutoka makao makuu, mfadhili, mtaalamu mwenye shahada. Ushauri wake una sehemu mbili, taarifa na hitimisho, na zinaweza kuchukuliwa kwa mizani tofauti. Taarifa kwamba njia ni ya hatari ilikuwa sahihi, na iliwaokoa. Hitimisho kwamba wazike Tabora lilitoka kwa mtu ambaye hakuwa ametoa ahadi waliyopeana wao ya kuufikisha mwili pwani. Anayepokea ushauri aulize kila mara: je, mshauri huyu ndiye atakayejibu matokeo yakija?

Orodha ya Wainwright nayo ina nafasi yake ofisini. Kila uamuzi mkubwa uandikwe kwenye daftari siku unapofanyika: nini kimeamuliwa, kwa sababu gani, nini kilikuwa hakijulikani, na kinatarajiwa kutokea nini ifikapo tarehe fulani. Muhtasari wa kikao hautoshi, kwani huandikwa kwa heshima na kusahihishwa baadaye. Daftari lifunguliwe kila baada ya miezi sita mbele ya wenzake. Kumbukumbu ya mtu humtetea mwenyewe, na kiongozi asiye na maandishi huamini kwamba alitabiri kila kilichofanikiwa na kwamba kila kilichoharibika kiliharibiwa na wengine. Akilipitia daftari lake kwa miaka mitatu ataanza kuona tabia zake: kwamba huchelewa kwenye mambo ya watu, kwa mfano, au huharakia kwenye ujenzi. Kujijua kwa namna hiyo hakupatikani kwenye semina ya siku mbili.

Atakayefuata

Mirambo alifariki Desemba 1884 akiwa ameunganisha sehemu kubwa ya Unyamwezi, ametengeneza amani na wafanyabiashara aliopigana nao, na amewakaribisha wamisionari kwake. Nguvu ile yote ilipita mkononi mwake mwenyewe: yeye ndiye aliyeamua, aliyeongoza vita, aliyejadiliana. Mrithi wake alikuwa Mpandashalo, na katika miaka michache dola ikasambaratika, kabla hata Wajerumani hawajaiteka Tabora.

Tarehe 22 Januari 1962, wiki sita tu baada ya uhuru, Nyerere alijiuzulu uwaziri mkuu na kumkabidhi Rashidi Kawawa, ambaye naye alisoma Tabora, ili yeye akaimarishe chama mikoani. Wengi walishangaa. Serikali iliendelea, Kawawa akapata uzoefu ambao hakuna kozi ingempa, na Nyerere akatumia miezi mingi kuwasikia watu ambao waziri mkuu hasikii habari zao. Alirudi Desemba mwaka huo akiwa Rais.

Si kila mkurugenzi anaweza kujiuzulu ili afundishe naibu wake, na hahitaji kufika huko. Anaweza kuanza kwa kumwachia naibu kiti cha mwenyekiti katika kikao kimoja kila mwezi, yeye akiwa mjumbe wa kawaida anayenyoosha mkono kuomba nafasi ya kusema. Hatua inayofuata ni kumkabidhi uamuzi mmoja wenye fedha halisi na lawama halisi, kama ununuzi wa mwaka wa idara moja, na kuuandika kwa jina la naibu kwenye daftari la maamuzi. Uamuzi ukishafanyika, mkurugenzi asiutengue kwa sababu tu yeye angechagua vingine, ilimradi haujavunja sheria wala kuhatarisha maisha ya mtu. Baada ya miezi sita wakae wawili, wafungue daftari, na naibu awe wa kwanza kuzungumza.